"Tubadilishe Tuone" Inatumalizia Injini

Gari limechemsha barabarani, likavutwa hadi gereji, likafungwa rejeta mpya. Wiki haijaisha, limechemsha tena. Linarudishwa, linawekwa pampu mpya ya maji, linachemsha. Linafungwa themostati mpya. Baada ya siku mbili themostati hiyohiyo inatolewa na kutupwa, feni inaungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote, na mwenye gari anaagizwa asitembee bila dumu la maji kwenye buti. Kabla ya kila hatua kati ya hizo kulikuwa na kauli moja, na wenye magari wanaijua vizuri, wawe wananunua spea zao Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi: "Bosi, tubadilishe hii tuone." Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba balaa la magari yanayochemsha baada ya kutengenezwa limejificha katika neno hilo la mwisho. Kuona kumewekwa nyuma ya kununua. Kuona ni kazi. Inatakiwa itangulie spea, na sisi wenye magari tunatakiwa tuilipie kama kazi kamili, hata pale ambapo fundi hakufungua bolti hata moja.

Mfumo wa kupoza injini hauna uganga. Petroli inapoungua, karibu theluthi ya joto lake hutoka na moshi, na sehemu inayokaribia hiyo huingia kwenye kuta za silinda, ambako maji lazima yaichukue na kuipeleka nje. Pampu huyazungusha maji hayo ndani ya bloku na silinda hedi. Themostati huyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto fulani, ambalo kwa injini nyingi ndogo za Toyota ni kiasi cha nyuzi 82. Rejeta huyapitisha kwenye mirija myembamba inayopigwa na upepo, feni husaidia gari likiwa limesimama au likijikongoja kwenye foleni, na mfuniko huyabana yasichemke upesi. Ni vitu vichache, na hakuna hata kimoja kisichokuwa na kipimo. Chukua themostati. Inafungwa uzi na kuning'inizwa ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, na kipimajoto kinatumbukizwa pembeni yake, kisha moto unawashwa. Maji yakikaribia nyuzi 82 utaona sahani yake ikianza kujiinua kidogokidogo. Yakifika 95 uwazi unakuwa wa milimita nane hivi. Ikibaki imefumba, imekufa. Ikiwa wazi tangu maji yako baridi, nayo imekufa kwa namna nyingine. Kazi hiyo inachukua robo saa na inaweza kufanyika kwenye jiko la mama lishe aliye jirani na gereji. Kifaa kinachoweza kupimwa hivyo hakuna sababu ya kukibadilisha kwa kubahatisha, wala hakuna sababu ya kukitoa kwa kukishuku tu.

Mfuniko wa rejeta ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa ni kidude kidogo kinachodharauliwa. Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na watu wengi hudhani ni alama ya kiwanda. Namba hiyo ni presha ambayo springi ya mfuniko inatakiwa kuistahimili kabla ya kuachia. Maji yaliyobanwa kwa kiasi hicho hayachemki kwenye nyuzi 100. Huvumilia mpaka karibu 120. Mpira wake ukikauka na kupasuka, au springi ikichoka, ubanaji huo unapotea na maji yanarudi kuchemka kama yaliyo kwenye birika. Hapo ndipo jiografia inapoingia. Pwani, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya na Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Feni za umeme za magari mengi hupangwa ziwake karibu na nyuzi 95. Maana yake ni kwamba gari lenye mfuniko mbovu linaweza kukaa miezi Dar es Salaam bila kuonyesha dalili kubwa, likapanda Mlima Kitonga kuelekea nyanda za juu, na huko maji yakachemka kabla feni haijaamrishwa kuwaka. Dereva atasema rejeta imeziba. Fundi atakubaliana naye. Rejeta itabadilishwa, mfuniko wa zamani utarudishwa juu ya rejeta mpya, na safari ya pili itaishia palepale pa kwanza. Kipimo cha mfuniko ni pampu ndogo ya mkono yenye geji: unaufunga, unapampu hadi namba iliyoandikwa, unatazama kama mshale unatulia. Pampu hiyohiyo ikifungwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi huonyesha mvujo wowote, hata ule ambao gari likipata moto hukauka kabla haujadondoka.

Sasa tuje kwenye sababu kubwa ya gari kuchemsha baada ya matengenezo, ile ambayo mtindo wa kubadilisha-tuone hauwezi kuigusa kamwe. Kuchemsha ni dalili, lakini pia ni jeraha. Mpira wa rejeta umepasuka, maji yamemwagika, na dereva amesema moyoni, "nifike tu pale mbele." Kilomita hizo tatu au nne ndizo zinazobadilisha kila kitu. Katika injini nyingi zilizoko barabarani mwetu bloku ni ya chuma cha kusubu na silinda hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Hedi imebanwa kwa bolti na haina pa kwenda, kwa hiyo inajipinda. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa injini zake nyingi za petroli huruhusu upinde usiozidi milimita 0.05, unene unaopungua hata ule wa unywele wa kichwani. Ukizidi hapo, gasketi iliyo kati ya hedi na bloku haizibi tena sawasawa. Fundi anayebadilisha mpira uliopasuka ametibu chanzo, na ametibu kwa uaminifu. Lakini chanzo kimeshazaa ugonjwa wa pili, ambao hauponi kwa mpira mpya, wala rejeta mpya, wala pampu.

Ndani ya silinda, moto ukiwaka, presha hufika makumi ya baa. Upande wa pili wa gasketi maji yana baa moja tu na kidogo. Njia ikipatikana, hata iwe nyembamba kiasi gani, gesi ya moto ndiyo itakayopenya kwenda kwenye maji. Inayasukuma maji kwenye chupa ya akiba, inaacha mapovu makubwa ya hewa kwenye hedi, na mahali palipo na hewa pasipo na maji panaungua. Mwenye gari anaona jambo la ajabu: maji yanapungua kila siku na hakuna tone chini ya gari. Anaambiwa "inakunywa maji." Katika hatua za mwanzo hakuna moshi mweupe wa kutisha, na mafuta ya injini hayajawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa dalili zinazojulikana na kila mtu bado hazijatokea, na katika kusubiri zitokee, vifaa vizima vinang'olewa kimoja baada ya kingine. Ilhali kipimo kipo. Ni kichupa chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa imewaka. Hewa inayotoka juu ya maji huvutwa ipite ndani yake. Kama hewa hiyo ina kaboni dayoksaidi iliyotoka kwenye silinda, bluu inageuka kijani, kisha njano, mbele ya macho ya fundi na ya mwenye gari wakiwa wamesimama pamoja. Hakuna anayehitaji kumwamini mwenzake.

Ipo pia aina ya kuchemsha inayoletwa na matengenezo yenyewe, na hii inahitaji kutajwa kwa upole kwa sababu mara nyingi hutokana na haraka ya kazi. Rejeta au pampu ikifunguliwa, maji yote yanamwagika na hewa inaingia. Kuyajaza tena si kumimina mpaka mdomoni na kufunika. Hewa hujificha sehemu za juu za injini, na kwenye baadhi ya magari sehemu hizo ziko juu kuliko mdomo wa rejeta. Lazima pua ya gari iinuliwe, swichi ya joto la ndani iwekwe mwisho, injini iachwe iungurume mfuniko ukiwa wazi, mpira wa juu ubinywebinywe, na maji yaongezwe kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka themostati ifunguke na feni iwake angalau mara mbili. Themostati yenyewe huwa na kitundu chenye kijipini kinachochezacheza, na kitundu hicho hukaa juu ili hewa ipite. Ikifungwa kichwa chini, hewa inabaki nyuma yake. Feni iliyofunguliwa na kufungwa upya inaweza kugeuziwa nyaya ikapuliza kinyume, ikipigana na upepo wa barabarani badala ya kuusaidia. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta kinatoa jibu: feni inayovuta kwenda kwenye injini itakinasa, iliyogeuzwa itakirusha. Ganda la plastiki linalozunguka feni nalo huachwa kando kwa kuonekana ni mapambo, wakati bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo.

Kuna maelezo ambayo mteja mwenyewe huja nayo na hayaulizwi. Gari linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, macho yaelekee kwenye feni, relei yake na sensa inayoiamrisha. Likiwa salama mjini na kuchemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, shuku mzunguko wa maji: mirija ya rejeta iliyoziba, panga za pampu zilizoliwa na kutu, au vumbi na wadudu waliojazana kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka viwili hivyo vitenganishwe. Likichemsha muda mfupi tu baada ya kuwashwa, mambo ni ya themostati, hewa, au gasketi. Swali hilo moja linapunguza safari kwa nusu na halina gharama. Tatizo ni kwamba mfumo wetu wa malipo hauna nafasi ya maswali. Fundi analipwa akifunga kitu. Akikaa nusu saa akimhoji mteja, akasubiri injini ipoe, akapima presha, akasema rejeta ni nzima, amejinyima ujira wa siku na huenda mteja akaondoka akinung'unika kwamba "hajafanya chochote." Siwalaumu mafundi kwa hilo. Tumewafundisha wenyewe, kwa mikono yetu inayotoa pesa, kwamba ujuzi wa kichwani ni wa bure na kinacholipiwa ni kazi ya spana.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni la pesa: watu hali zao ni ngumu, nani ataongeza malipo ya kupima juu ya malipo ya kutengeneza? Nalichukua kwa uzito, kwa kuwa wanaoumizwa zaidi na magari yanayochemsha ni watu wenye gari moja la biashara, mwenye teksi, mwenye daladala, mwenye pikapu ya kubeba mboga, ambao siku ya gereji kwao ni siku bila chakula. Lakini hesabu inakwenda kinyume na wanavyodhani. Aliyebadilisha rejeta, pampu na themostati kisha akafika kwenye gasketi amelipa vitu vitatu ambavyo huenda vilikuwa vizima, pamoja na ufundi mara tatu na siku za kazi zilizopotea, na bado gharama ya gasketi inamngoja. Mbaya zaidi, katika muda wote huo injini imeendelea kuchemshwa, na hedi ambayo siku ya kwanza ingetosha kusawazishwa uso wake sasa imepasuka na inatafutiwa nyingine. Tumeshapita njia hii katika jambo kubwa kuliko magari. Miaka mingi kila homa kwetu ilikuwa malaria, na dawa ilimezwa bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo zahanati za vijijini zina kipimo cha haraka cha tone moja la damu. Hatuoni ajabu kupimwa na kuambiwa si malaria. Tunajua tumeokolewa na dawa isiyotuhusu, na kwamba sasa homa yenyewe inaweza kutafutwa. Mgonjwa huyohuyo, akiwa na gari, anameza kila dawa iliyoko dukani.

La pili ni la vifaa. Itasemwa kwamba mafundi wetu wengi wako chini ya mwembe, hawana mashine. Hapa lazima tutenganishe mashine na vipimo. Vipimo nilivyovitaja havihitaji jengo wala umeme: pampu ya mkono yenye vichwa vya kufungia aina mbalimbali za mifuniko, kichupa cha kimiminika cha bluu, kipimajoto, rula ya chuma iliyonyooka na seti ya vibati vyembamba vya kupimia upinde wa hedi. Fundi mmoja mmoja anaweza kushindwa kuvinunua vyote, lakini mafundi kumi walio eneo moja wanaochangia kodi ya uzio na mlinzi wanaweza kuchangia boksi moja la vipimo. Kisoma data kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari nacho kimeshuka bei, na faida yake katika suala hili ni kubwa kuliko inavyosemwa, kwa kuwa mshale wa dashibodi haustahili imani tunayoupa. Katika magari mengi umepangwa ukae katikati bila kutikisika kuanzia nyuzi 80 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukianza kupanda, muda umeshapita. Yapo magari madogo, kama Passo, ambayo hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemka. Na maji yakipungua mpaka sensa ikabaki hewani, inaweza kusoma joto dogo huku hedi ikiungua. Namba halisi za joto zikionekana kwenye skrini wakati gari linatembea, fundi anaona feni inawaka kwenye nyuzi ngapi na joto linapanda kwa kasi gani mlimani.

Wapo watakaosema mafundi wa zamani walisikiliza injini kwa sikio, wakashika mpira kwa mkono, na magari yalipona. Ni kweli, na mkono wa fundi mzoefu bado ni kipimo. Anayejua atashika mpira wa juu sekunde chache baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha: ukianza kuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, na bado ni wa baridi, hiyo si presha ya maji yaliyopata moto, ni gesi ya silinda. Fundi huyo amepima. Ninachokitetea ni kupima, kwa mkono au kwa kifaa, kabla ya kununua. Mafundi hao wa zamani hawakuwa wabahatishaji, na haiwafai kuitwa mashahidi wa ubahatishaji. Mamlaka ya ufundi stadi Tanzania, VETA, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani bila kukaa darasani. Katika upimaji huo ningependa uzito uwekwe kwenye uwezo wa kufikia jibu, fundi apewe gari linalochemsha na aulizwe, kabla hajashika spana, atajuaje.

Pingamizi ninalolipinga bila kusita ni lile la themostati. Linasemwa na watu wengi, baadhi yao mafundi wazuri: kifaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya baridi ya Japani na Ulaya, kwetu joto linatosha, kitoe tu. Hoja hiyo inaonekana ya busara mpaka uone kilicho ndani. Katika injini nyingi themostati ina sahani mbili. Ya kwanza inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ya pili, kwa wakati huohuo, inaziba njia fupi ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inachagua njia fupi na kurudi kwenye injini bila kupoa. Kwa hiyo kitendo kilichokusudiwa kupunguza joto kinaweza kuliongeza wakati injini inafanya kazi nzito. Na gari likitembea bila mzigo wakati wa asubuhi, mambo yanageuka: injini inachelewa kufikia joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, mafuta yanashindwa kukausha unyevu na kuanza kuwa tope, na silinda zinalika. Joto la hewa ya Tanga, nyuzi 32, halina uhusiano na nyuzi 82 ambazo chuma kinahitaji. Nakubali jambo moja: gari lililokwama usiku porini themostati ikiwa imekufa katika hali ya kufumba linaweza kuokolewa kwa kuitoa, lifike mjini polepole. Hiyo ni huduma ya kwanza. Kuifanya tiba ya kudumu ni kuficha ugonjwa, na anayekuja kulinunua gari hilo ananunua ugonjwa asioambiwa.

Kuhusu spea bandia sina haja ya kusema mengi. Wanaosema vipimo havisaidii kwa sababu kila kifaa sokoni ni feki wanatoa hoja inayoniunga mkono. Kama themostati mpya inaweza kutoka dukani ikiwa imekufa, basi sufuria inahitajika zaidi. Mfuniko mpya upimwe kabla ya kufungwa. Hali ni hiyohiyo kwa kulanti: rangi nyekundu au kijani haithibitishi chochote, ni rangi iliyotiwa na mtengenezaji, na chupa ya maji ya rangi inaweza kupita kama kulanti mpaka kutu ianze kuonekana. Kazi kubwa ya kulanti kwetu si kuzuia maji yasigande. Ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wakazi wengi wa pwani wanayajua kwa ukoko mweupe yanaouacha kwenye birika, huacha ukoko huohuo ndani ya mirija ya rejeta, na huko hakuna wa kuukwangua.

Vipimo navyo hukosea. Ufa mdogo kwenye hedi unaweza kufunguka tu injini ikiwa na moto mkali na mzigo, na kichupa cha bluu kikabaki bluu gereji ikiwa imetulia. Mirija ya rejeta inaweza kuziba nusu na bado ikapitisha maji yanayoonekana mengi. Ndiyo maana matokeo yanahitaji kuandikwa. Kipande cha karatasi chenye tarehe, presha ya mfuniko, joto themostati ilipoanza kufunguka, joto feni ilipowaka, rangi ya kimiminika, na muda ambao mfumo ulishikilia presha, kinampa fundi wa pili mahali pa kuanzia. Kwa sasa mteja anayehama gereji anahama na hadithi tu, "walisema ni pampu," na fundi mpya anaanza mwanzo kwa pesa mpya. Karatasi hiyo inamlinda pia fundi. Gari likichemsha tena, anaweza kuonyesha kwamba kazi aliyolipwa ameifanya na siku ile mfuniko na feni vilikuwa sawa, badala ya kubishana mbele ya kundi la watu nani kamwibia nani.

Mteja anayetaka kuanza hana haja ya kungoja sheria wala chama cha mafundi. Akifika gereji aseme tangu mwanzo: "Fundi, leo nakulipa unitafutie, spea tutazungumza baadaye," kisha watajiane bei ya kutafuta na ailipe hata jibu likiwa baya. Nyumbani, asubuhi, kabla ya kuwasha, afungue boneti injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko haufunguliwi ukiwa wa moto hata kwa kitambaa, kwa kuwa maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa yakiachiwa hurukia usoni kama mvuke. Atazame usawa wa maji kwenye chupa ya akiba na auwekee alama ya kalamu. Abinye mpira wa juu. Injini iliyolala usiku mzima mpira wake unatakiwa kulegea chini ya vidole. Ukiwa umejaa na mgumu alfajiri ile, asiliwashe gari. Ampigie fundi aje na kichupa chake cha bluu, kabla ya mtu yeyote kwenda dukani.